Tarakilishi Haijafa!

"Imekufa!" ndilo neno letu kila tarakilishi ya maabara ikiwaka na kutuonyesha maandishi meupe tu juu ya kioo cheusi. Papo hapo inapelekwa stoo. Mimi napinga! Jamani, aliyezirai hazikwi.

Ukiwasha mashine, programu ndogo huamka kwanza ili iuite mfumo mzima kutoka kwenye diski. Katika mashine za zamani, mwanzo wa programu hiyo hukaa katika baiti 512 za kwanza za diski. Zikiharibika, mfumo hauitwi, lakini kazi zetu huenda bado zimo salama.

Kwa hivyo tuanze na lililo rahisi. Tuchomoe flashi iliyosahauliwa, maana pengine mashine inautafuta mfumo humo. Ikikataa, tuiwashe kwa flashi yenye Linux, tunakili kazi zetu kwanza. Kama mashine yenyewe hutumia Linux, programu hiyo ndogo kwa kawaida huitwa GRUB, nayo hurudishwa kwa amri ya grub-install. Hayo yote ni ya bure!

Walimu wetu wapendwa, tupeni ruhusa tujaribu kabla fundi hajaitwa. Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Tutajifunza lini kuunda, kama kila kinachozimia tunakifungia stoo?