Mlowezi ni Nani? Kutoka Las Terrenas hadi Tunduma

Kwenye pwani ya kaskazini ya Jamhuri ya Dominika, katika rasi ya Samaná, upo mji mdogo uitwao Las Terrenas. Nusu karne iliyopita palikuwa kijiji cha wavuvi. Kuanzia miaka ya 1970 Wafaransa walianza kufika mmoja mmoja, wakanunua viwanja karibu na mchanga, wakafungua maduka ya mikate na nyumba za wageni, kisha wakawaita wenzi wao na watoto wao. Leo ipo pale jamii kamili ya wasemaji wa Kifaransa, yenye migahawa yake na shule inayofundisha kwa lugha yao. Familia inayouza nyumba yake Ulaya na kuhamia huko haisumbuliwi na maswali mengi. Imefuata bahari, jua na maisha ya gharama nafuu, na watu wote wanaona kwamba sababu hizo zinatosha.

Sasa tutazame upande wa pili wa kisiwa hichohicho. Jamhuri ya Dominika inagawana kisiwa cha Hispaniola na Haiti, nchi ambayo nayo lugha zake rasmi ni Kifaransa na Krioli. Wahaiti ndio waliokata miwa ya Dominika kwa vizazi kadhaa, na ndio wanaobeba zege katika majengo yake. Mwaka 1937, chini ya dikteta Rafael Trujillo, maelfu yao waliuawa karibu na mpaka, na inasimuliwa kwamba mtu alitambuliwa kwa namna alivyotamka neno la Kihispania la jani moja la mboga. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba watoto waliozaliwa huko na wazazi wageni wasio na hadhi ya kisheria hawakuwa raia, na uamuzi huo ukarudishwa nyuma hadi mwaka 1929. Oktoba 2024 serikali ikatangaza mpango wa kuwafukuza hadi watu 10,000 kwa wiki.

Basi katika nchi hiyo moja wapo wageni wa aina mbili wanaosema Kifaransa. Mmoja amejengewa shule, na mwingine anafukuzwa kwa malori. Si lugha inayowatenganisha, wala si sheria ya kuzaliwa. Wanatenganishwa na kilichomo mfukoni na, tusione haya kulisema, rangi ya ngozi.

Ndugu msomaji, sikuvuka bahari ili niwasute Wadominika. Nimevuka kwa sababu sisi wa Mkoa wa Songwe tunao mji wetu wenye wageni wasemao Kifaransa, ila hatujawahi kuuita hivyo. Mji huo ni Tunduma.

Tunduma haina bahari. Ina foleni ya malori inayoweza kurudi nyuma hadi Mpemba na Chapwa, ina reli ya TAZARA, na tangu Oktoba 2019 ina kituo cha pamoja cha mpaka na Nakonde, kilichozinduliwa na marais wa nchi zote mbili. Sehemu kubwa ya mizigo inayopita hapo inakwenda Kongo. Inavuka Zambia, inaingia Kasumbalesa na kufika Lubumbashi na Kolwezi. Barabara ile haipeleki mizigo tu, inaleta watu pia. Wamo madereva waliooa huku, wafanyabiashara wa vitenge, wasusi, mafundi, na familia zilizochoka kuishi kwa mashaka. Nyumbani wanasema Kiswahili cha Katanga, na wakitaka kuandika wanaandika Kifaransa. Wamehamia mji wa kigeni pamoja na watoto wao ili waishi vizuri zaidi, jambo lilelile linalofanywa na familia ya Las Terrenas. Kwa nini basi la yule tuliite chaguo la maisha, na la huyu tuliite tatizo la mpaka?

Lugha yetu yenyewe inatoa ushahidi. Wazazi wetu walikuwa na neno mahususi la mgeni aliyetoka Ulaya akaja kukaa na familia yake juu ya ardhi nzuri, nalo ni mlowezi. Walowezi walikuwa watu wa mashamba ya kahawa, katani na pareto, na neno hilo lilibeba uchungu wa ardhi iliyochukuliwa. Leo tulisikie linavyotumika katika taarifa za uhamiaji. Mlowezi sasa ni mkulima maskini wa Kigoma au Katavi ambaye babu yake alivuka kutoka Burundi au Kongo na ambaye hana karatasi. Mzungu aliyejenga ufukweni Paje au Jambiani tumempa jina jipya, mwekezaji. Tumeliondoa neno la lawama kwa mwenye nguvu na kumvika mnyonge, na tumefanya hivyo kimyakimya bila mjadala bungeni wala chuoni.

Sheria nazo zimefuata njia hiyohiyo. Chini ya Sheria ya Uwekezaji ya Zanzibar ya mwaka 2023, mgeni anayenunua nyumba yenye thamani ya kuanzia dola 100,000 katika miradi iliyoidhinishwa anaweza kupata kibali cha ukaazi, yeye na familia yake. Sina ugomvi na mpango huo. Kila nchi ina haki ya kuvuta mitaji. Lakini mwishoni mwa Julai 2025, upande wa Bara, ilitolewa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo biashara ya rejareja na ya jumla, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, usafi wa nyumba na saluni. Anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, pamoja na kupoteza kibali chake.

Tusome vighairi vya amri hiyo, maana ukweli wa sheria hukaa kwenye vighairi. Rejareja imekatazwa, isipokuwa maduka makubwa ya kisasa. Saluni imekatazwa, isipokuwa iliyo hotelini au iliyowekwa kwa ajili ya utalii. Kwa maneno mengine, mgeni anayesuka nywele chini ya kiyoyozi cha hoteli ni halali, na mgeni anayesuka nywele kwenye kibaraza cha Mwakakati ni mhalifu. Kazi ni ileile, chanuo ni lilelile. Kinachobadilika ni kodi ya pango.

Najua nitakavyojibiwa, na majibu hayo yana uzito. Kwanza, wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa na malalamiko ya kweli dhidi ya wageni wenye mitaji mikubwa walioingiza bidhaa wenyewe na kuziuza rejareja wenyewe, hata mzawa akakosa pa kusimama. Nakubali. Lakini dawa ya ugonjwa huo ilipaswa kumlenga mwenye kontena. Amri iliyoandikwa kwa hasira dhidi ya mwenye kontena ikamkumba mwenye furushi imekosa shabaha.

Pili, nitaambiwa habari za usalama. Mpaka una magendo, una dawa za kulevya, una usafirishaji haramu wa binadamu. Ni kweli, na vyombo vinavyopambana na hayo vinastahili kuungwa mkono. Ila usalama unataka watu wajulikane. Mama aliyetoka Lubumbashi ambaye anaweza kuomba kibali nafuu, akaandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa na akalipa ushuru, anajulikana. Mama huyohuyo akiambiwa kwamba kila anachokiweza ni kosa, atajificha. Atatumia leseni ya jirani, atampa mtu rushwa, na mtoto wake akiugua atachelewa kumpeleka zahanati kwa kuogopa kuulizwa karatasi. Hatujajilinda na mtu huyo. Tumemtengeneza.

Tatu, nitaambiwa kwamba Tanzania tayari imebeba mzigo mkubwa. Hilo nalitamka kwa fahari. Taifa hili lilipokea wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, na mwaka 2014 likatoa uraia kwa zaidi ya 160,000 miongoni mwao, tendo ambalo mataifa tajiri hayajalithubutu kwa kiwango hicho. Kambi ya Nyarugusu imewahifadhi Wakongo tangu mwaka 1996. Lakini nchi hiyohiyo iliendesha Operesheni Kimbunga mwaka 2013 katika Kagera, Kigoma na Geita, na maelfu wakaondolewa. Tumeshakuwa nchi zote mbili. Swali ni ipi kati ya hizo tunataka watoto wetu wairithi.

Tena kuhama si tabia ya Wakongo peke yao. Msiri, aliyeunda dola ya Garenganze huko Katanga na makao yake yakawa Bunkeya, alikuwa Mnyamwezi. Alitoka katika nchi iliyo Tanzania ya leo, akahamia kule na watu wake, na misafara ya biashara ya zama hizo ndiyo iliyoanza kukipeleka Kiswahili upande ule, hadi mjukuu wa Lubumbashi anakisema leo. Katika enzi za ukoloni vijana wa Rungwe na wilaya jirani walikwenda migodini Kopabeliti, na wengi hawakurudi. Leo wapo Watanzania wanaofanya biashara Kasumbalesa, Lubumbashi na Nakonde. Siku serikali za huko zikinakili amri yetu neno kwa neno, tutamlilia nani? Amri ilipotoka, Kenya ililalamika mara moja kwamba inakwenda kinyume na moyo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Na Jumuiya hiyo tumeijenga sisi. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Inazungumzia watu kusafiri, kufanya kazi, kuanzisha shughuli na kuishi katika nchi wanachama, kwa kufuata ratiba ambazo kila nchi ilijifunga nazo. Kongo ilisaini mkataba wa kujiunga Aprili 2022, nasi tulipiga makofi kwa sababu ya ukubwa wa soko lake. Tulitaka soko la watu milioni nyingi bila kutaka watu wenyewe.

Lipo na jambo la mpaka wenyewe. Mstari unaopita Tunduma unatokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya Julai 1890, na hakuna Mnyamwanga aliyeitwa mezani. Wanyamwanga walibaki pande zote mbili, wakaoleana na kuzikana kama zamani. Watu wa Songwe, kuliko Watanzania wengine, wanajua kwamba mtu anaweza kuwa ng'ambo na bado akawa shemeji. Inasikitisha basi kusikia mtoto akichekwa shuleni kwa kusema "batoto" badala ya "watoto". Mzaha huo wa watoto ni mdogo, lakini nimetaja hapo juu mwisho wa njia ya kumpima mtu kwa matamshi yake. Haianzii kwa mapanga. Huanzia kwa kicheko.

Ninachodai si mpaka uliofunguliwa ovyo. Nadai mambo matatu. Amri ya 2025 irekebishwe ili mfanyabiashara mdogo kutoka nchi ya Jumuiya atenganishwe na mwagizaji mkubwa, na apatiwe kibali cha bei anayoiweza. Watoto waliozaliwa au kukulia Tunduma wasajiliwe na kusomeshwa bila kujali karatasi za wazazi wao. Na Kifaransa kifundishwe kwa dhati katika sekondari za Songwe, kwa maana nyaraka za forodha za Kongo zimeandikwa kwa lugha hiyo, na kijana wa Vwawa anayeijua atapata riziki kwenye mizigo inayopita mlangoni pake kila siku. Walimu wa kuanzia hatuna haja ya kuwatafuta Paris. Baadhi yao wanauza vitenge Sogea na Majengo, wakiangalia nyuma kila gari la serikali linapopita.

Las Terrenas imejifunza kusema karibu kwa Kifaransa, lakini kwa mteja tu. Kiswahili kina msemo wa kumpa mgeni jembe siku ya tatu, na hekima yake ni kwamba mgeni akikaa anageuka mtu wa nyumbani kwa kufanya kazi. Sisi tumemkaribisha mgeni, siku ya tatu imefika, naye ananyoosha mkono apokee jembe. Tumpe.