Zebaki yaingia damuni, fedha yapaa na moshi

WACHIMBAJI wadogo wa Shinyanga na Geita hushika zebaki kwa mikono mitupu, lakini hatari kubwa zaidi iko kwenye moshi. Zebaki inapochomwa ili ibaki dhahabu, mvuke wake huvutwa kwa pua, na takriban asilimia 80 hupita mapafuni na kuingia kwenye damu. Damu huupeleka kwenye ubongo na figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua.

Wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa waliopima damu, mkojo na nywele za wakazi wa Rwamagasa, Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliwakuta wachomaji ndio walioathirika zaidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini uamuzi wa kila siku bado uko kwa mchomaji na mwenye mwalo.

Hesabu ya biashara nayo inadai mabadiliko. Zebaki hununuliwa, ikichomwa wazi, fedha hiyo hupaa na moshi. Chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupoozea mvuke, hurudisha sehemu kubwa ya zebaki itumike tena. Kikundi kinaweza kuchangia kimoja, na uchomaji ufanyike nje, mbali na jiko na watoto.

Mwenye dalili amweleze daktari kazi anayofanya. Damu huonyesha zaidi zebaki ya siku za karibuni. Kwa aliyevuta mvuke muda mrefu, mkojo ndio kipimo bora.