Mwanafunzi Aulizwe kwa Mdomo

Mwaka 2023, karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari nchini Uturuki waligawanywa makundi matatu katika vipindi vya hisabati. Kundi la kwanza lilibaki na kitabu na daftari. La pili likapewa chatboti ya kawaida, ya kuuliza lolote na kujibiwa lolote. La tatu likapewa chatboti iliyoandaliwa kwa msaada wa walimu, yenye kutoa dokezo bila kutoa jibu. Wakati wa mazoezi, kundi la pili liliwapita wenye daftari kwa asilimia 48, na la tatu kwa asilimia 127.

Kisha chatboti zikaondolewa, ukaja mtihani. Waliozoea chatboti ya kawaida wakaanguka: alama zao zilikuwa pungufu kwa asilimia 17 kuliko za wenzao ambao hawakuigusa mashine hata siku moja. Kundi la madokezo halikupata hasara, ingawa ile faida kubwa ya mazoezini nayo iliyeyuka. Na lililo zito kuliko takwimu zote hizo ni kwamba walioporomoka hawakujitambua. Walipoulizwa, hawakuona kuwa wamejifunza kidogo kuliko wengine.

Matokeo haya yangefaa kubandikwa kwenye kila ofisi ya walimu Afrika Mashariki, maana huku chatboti haisubiri kibali cha mtu. ChatGPT ilitolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Kufikia mwaka 2025, ripoti ya DataReportal ilionyesha kuwa asilimia 42.1 ya watumiaji wa intaneti nchini Kenya wenye umri wa miaka 16 na zaidi walikuwa wameitumia katika mwezi mmoja tu uliotangulia. Kiwango hicho kiliiweka Kenya mbele ya nchi nyingine zote zilizopimwa. Kukaa vikao kujadili kama iruhusiwe au ipigwe marufuku ni kupoteza muda bure.

Wakenya, kwa kweli, waliijua biashara ya kumwandikia mwanafunzi kazi yake kabla mashine haijazaliwa. Kwa miaka mingi vijana wasomi wa Nairobi, wenye shahada na wasio na ajira, wamekuwa wakiwaandikia insha na hata tasnifu wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo. Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, amewafuatilia waandishi hao, na filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024 inasimulia maisha yao. Mteja alipata shahada. Elimu ilibaki kwa kijana aliyekesha akisoma vitabu visivyomhusu. Leo kazi ileile inafanywa na programu kwa sekunde chache, tena bure, na safari hii hakuna hata huyo kijana wa kubaki na elimu.

Makazini hali haina tofauti. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ilitoa uamuzi katika maombi ya rufaa ya mwanasiasa mmoja wa KwaZulu-Natal. Hoja za mawakili wake zilitaja kesi tisa za awali. Mahakama ilipozitafuta, ilizipata mbili. Hoja hizo zilikuwa zimeandaliwa na mwanasheria aliye mafunzoni. Alipoulizwa na jaji kama ametumia ChatGPT, akakana, akasema alizitoa kwenye majarida ya sheria, lakini hakuweza kuyataja. Wakili aliyesimama mahakamani alikiri kuwa hakuzisoma. Kampuni ya uwakili iliyosimamia maombi hayo iliamriwa kulipa kutoka mfukoni mwake gharama za vikao vya ziada, na suala likapelekwa kwenye baraza linalosimamia mawakili.

Haitoshi kusema yule wa mafunzoni alikuwa mvivu. Yumkini alikuwa na haraka, kama walivyo vijana wengi wanaoanza kazi. Ila kazi ya kutafuta kesi, kuisoma na kugundua kwamba haikufai ndiyo inayomkomaza mwanasheria, na ndiyo aliyoikabidhi kwa mashine. Mkongwe wa fani ataitumia chatboti kwa faida kwa sababu anaijua kazi mbovu akiiona. Anayeanza hana jicho hilo bado.

Hata mkongwe hayuko salama sana. Vituo vinne vya tiba nchini Poland viliwahi kuwapa madaktari mfumo wa akili mnemba wa kuonyesha vivimbe kwenye utumbo mpana wakati wa uchunguzi wa kamera. Watafiti wakaangalia vipimo ambavyo madaktari haohao walivifanya bila mfumo huo. Kabla ya kuuzoea, waligundua vivimbe kwa asilimia 28.4 ya wagonjwa. Baada ya kuuzoea, asilimia 22.4. Utafiti ulichapishwa Agosti 2025. Hao ni watu wenye uzoefu wa miaka, siyo wa kidato cha tatu.

Upo upande wa pili, na una haki yake. Mwanafunzi wa shule ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia, mwenye simu na bando la usiku, anapata mtu wa kumuuliza kwa mara ya kwanza. Kumnyang'anya ni ukatili. Afundishwe kuomba dokezo badala ya jibu, na kujaribu swali kwanza kwa kalamu yake.

Lakini hatafanya hivyo ikiwa mwalimu anasahihisha karatasi tu. Enzi za 'mwakenya' na 'desa', vikaratasi vya kuibia majibu mtihanini, angalau msimamizi aliweza kukamata kitu mkononi. Insha ya chatboti haina cha kukamatwa, na programu zinazodai kuitambua huwasingizia hata wasiohusika.

Vyuo vyetu vina dawa tayari: mwanafunzi wa uzamili hutetea tasnifu yake mbele ya jopo. Utaratibu huo ushuke chini. Darasa la watu mia nne haliwezi kuhojiwa lote, basi kwa kila insha ya nyumbani wachaguliwe kumi kwa kura, wasimame bila simu, waeleze walichoandika, na alama zao zitokane na maelezo hayo. Waajiri nao, siku ya usaili, wampe mwombaji kalamu, karatasi na nusu saa.