Mkono wa Mwanakijiji Uonekane Kwenye Ramani

Sensa ya mwaka 2022 ilipokwisha, Serikali iliamua kuwa vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu wapewe walimu. Juu ya kioo cha kifaa hicho mtu aweza kufungua waraka au ramani, akachora mstari kwa kidole, akazungushia duara mahali penye kosa na kuandika maoni yake pembeni, bila kuchapa karatasi hata moja.

Uwezo huo si mapambo. Kila mtumishi wa umma anajua thamani ya dokezo ndani ya jalada: humwonyesha anayefuata ni nani alisema nini, na lini. Waraka wa kidijitali uliofungwa, usiopokea alama ya mkono, huwageuza wanaoupokea kuwa watazamaji tu.

Wakazi wa milima ya Uluguru wanajua gharama ya mipango ya namna hiyo. Mapema katika miaka ya 1950, Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Wakulima waliozijua tabia za miteremko yao hawakusikilizwa. Udongo usio na rutuba ulifukuliwa ukawekwa juu, na kazi ikawa nzito kuliko faida yake. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, na mpango ule ukaachwa.

Nchi huru iliweka utaratibu mwingine. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mambo makubwa ya ardhi ya kijiji hupelekwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Lakini haki hiyo hupungua nguvu iwapo ramani huletwa mkutanoni ikiwa imekwisha kupambwa kwa rangi, na mzee anayeona kwamba chemchemi imewekwa bonde lisilo lake hana mahali pa kuisahihisha.

Hapo ndipo kishikwambi cha mwalimu kinapohitajika. Mwalimu akishike, mzee achore.

Wapo watakaosema kwamba kila mtu akichora, ramani itaharibika. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ipo. Ramani ya asili ihifadhiwe bila kuguswa, na michoro ikae katika tabaka lake juu ya ramani, kila alama ikiwa na jina na tarehe. Mstari wa kidole si mpaka. Ni ushahidi wa kumpeleka mpimaji shambani na vyombo vyake. Naye akiukataa, aandike sababu, wala asiufute.

Maji ya Mto Ruvu, unaonyweshwa na milima hiyo, hutumiwa hadi Dar es Salaam. Kosa la ramani huko Uluguru haliwezi kuwa la kijiji kimoja. Basi maofisa wapeleke vijijini nyaraka zinazoweza kuandikwa juu yake, na walimu wawe tayari kuwasaidia wananchi kuziandika.