Nani Anawachorea Mabinti Zetu Sura ya Mume Mwema?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

Yamesemwa mengi mimbarini kuhusu tamthilia za Amerika ya Kilatini. Tangu zilipoenea katika televisheni za Kenya na Tanzania miaka ya 2000, zikafuatiwa na za Ufilipino na Uturuki, wahadhiri wamezilaumu kwa mavazi yasiyo na stara, na kwa kuwashughulisha watu wakati wa darasa baina ya Magharibi na Isha. Lawama hizo ni za haki. Lakini sisi tunaona kuwa limeachwa jambo lililo kubwa zaidi. Lau wahusika wote wangevishwa kanzu na baibui, sumu ya visa hivyo isingeondoka, kwa sababu imo katika sura ya mwanamume na ya mwanamke inayochorwa humo.

Na tutazame mifano. Mwaka 1979 Mexico ilitoa tamthilia ya Los ricos también lloran, maana yake "Matajiri Nao Hulia". Mariana, binti fukara, anapokelewa katika nyumba ya tajiri, anapendana na kijana wa nyumba hiyo, kisha anapitia dhuluma na machozi mpaka mambo yatengenee. Mwaka 1995 kisa hicho kilisimuliwa upya kwa jina la María la del Barrio, safari hii msichana akiwa muokota taka. Ilipita miaka 16, majina yakabadilika, umbo likabaki lile lile.

Umbo hilo ni lipi? Mhusika mkuu wa kike ni masikini, mzuri wa uso, na fadhila yake kubwa ni kuvumilia. Adui yake ni mwanamke mwenziwe, mara nyingi mwenye mali na sauti. Mhusika mkuu wa kiume ana utajiri, ana hasira, ni mwepesi wa kusadiki fitina, na husamehewa yote kwa hoja moja tu, kwamba anapenda.

Hata tamthilia iliyosifiwa kwa kuvunja ada hiyo haikutoka nje yake kabisa. Yo soy Betty, la fea ya Colombia, iliyoonyeshwa kuanzia 1999 hadi 2001, ilimweka mbele msichana asiye mzuri wa sura, lakini msomi wa uchumi. Kampuni nzima ilisimama kwa akili yake. Bosi wake, Armando, akamlaghai kwa mapenzi ya uongo ili asiipoteze kampuni. Mwisho wake ukawaje? Betty alibadilishwa sura, kisha akaolewa na Armando yule yule. Ni kweli kwamba Armando alijuta. Lakini mtazamaji anafundishwa kuwa elimu peke yake haikumtosha mwanamke, na kuwa ulaghai waweza kuwa mlango wa ndoa.

Sasa tuipime picha hiyo kwa mizani ya dini yetu. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara mwenye mali. Alimwajiri Mtume (s.a.w.) kabla ya utume, akauona uaminifu wake katika biashara, na ni yeye aliyeanza kupeleka ujumbe wa ndoa. Hakusubiri kuokolewa na tajiri. Katika Surat al-Qasas, binti wa Madyan aliyemshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (a.s.) alimpima kwa nguvu na uaminifu. Katika Surat Yusuf, anayesifiwa kwa kuilinda heshima yake ni kijana wa kiume. Na katika Surat an-Nur, amri ya kuinamisha macho inawaanza wanaume katika aya ya 30, ndipo inawafikia wanawake katika aya ya 31. Iko wapi basi nafasi ya kusema kuwa mwanamume ameumbwa hivyo, na stahamala ni wajibu wa mwanamke peke yake?

Hapa ndipo penye uzito. Binti aliyekua akiamini kuwa hasira ya mume ni alama ya mapenzi atapigwa na kunyamaza. Kijana aliyekua akiamini kuwa mke mwema ni yule anayelia na kusamehe hatajifunza kujizuia. Na msiba unazidi pale mwanamke anayedhulumiwa anapokwenda kwa wazee akaambiwa neno moja tu: "Subiri." Subira ni nguzo ya imani, lakini haikuwekwa iwe pazia la kumficha dhalimu. Surat an-Nisaa, aya ya 35, imeagiza wasuluhishi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Surat al-Baqara, aya ya 229, imemfungulia mke mlango wa kujivua katika ndoa. Anayemnyima mwanamke njia hizo kwa jina la subira anahubiri maadili ya tamthilia, hata kama amevaa kilemba.

Kwa hiyo haitoshi kuamrisha televisheni zizimwe, hasa amri hiyo inapotolewa na baba ambaye mwenyewe hazimi wakati wa mpira. Tunawaomba maimamu wawasomeshe vijana wa kiume na wa kike sira ya Bibi Khadija, pamoja na haki za wanandoa, kabla ya posa na si baada ya ugomvi. Tunawaomba wazazi wakae na watoto wao na kuwauliza: huyu mnayemshangilia, mngeridhia amuoe dada yenu? Na tunaziomba kamati za misikiti ziteue watu waadilifu, wanawake wakiwemo, wa kusikiliza mashtaka ya ndoa kabla hayajawa maafa.

Mabinti zetu watajifunza sura ya mume mwema kwa yeyote atakayewafundisha. Tusiwaachie wauza visa kazi tuliyokabidhiwa sisi.

Wabillahi tawfiq.