Kabla hujasema kijana huyu atafika mbali



Kama umewahi kukaa pembeni mwa uwanja wa shule wakati wa mashindano ya UMISSETA ngazi ya wilaya, unaijua kazi ambayo wanaume huifanya pale bila malipo. Mpira wenyewe hawautazami sana. Wanatazama vijana. Huyu ana mguu wa kushoto. Yule ana kasi lakini hana mwili. Kipa ni mrefu, ila anaogopa krosi. Mwalimu wa michezo anaulizwa yule namba nane yuko kidato cha ngapi, baba yake ni nani, na kama kuna mtu ameshamwona. Kabla mpira haujaisha, chini ya mwarobaini usajili umekamilika: wawili wamekwenda Simba, watatu Yanga, mmoja Geita Gold, na aliyebaki atafutiwe timu ya mchangani akomae kwanza.

Nami hukaa pale, sitaki kuficha. Nilikuwa golikipa pale Seminari Kuu ya Kipalapala, wala sikuwa mzuri, lakini tangu siku hizo najiona mtaalamu wa makipa.

Kwetu Shinyanga na Geita kazi hii ina sababu zake. Tumewaona Stand United, Chama la Wana, timu iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi pale Shinyanga mjini, wakipanda Ligi Kuu mwaka 2014. Mwaka uliofuata wakafuatwa na Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, na mkoa mmoja ukawa na timu mbili za Ligi Kuu. Wote wawili walishuka baadaye, lakini watu hawajasahau. Halafu Geita Gold wakapanda mwaka 2021, na msimu ule ule wa kwanza mshambuliaji wao, George Mpole, akafunga mabao 17 na kuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu, akimwacha kwa bao moja Fiston Mayele wa Yanga. Kabla ya msimu ule sikumsikia shabiki hata mmoja chini ya mwarobaini akimtaja Mpole. Baada ya msimu, kila mmoja alikuwa amemwona zamani.

Wenzetu Marekani wameifanya kazi hii kuwa sherehe ya taifa. Kila mwaka timu za kulipwa huketi na kuchagua kwa zamu wachezaji kutoka vyuo vikuu, na kwa kawaida timu zilizofanya vibaya ndizo zinazotangulia kuchagua. Kwa miezi kadhaa kabla ya siku hiyo mashabiki hawana habari nyingine. Wanajua kijana fulani ana urefu gani, uzito gani, mikono yake ikinyooshwa inafika wapi, anakimbia kwa sekunde ngapi. Kila mtu ana orodha yake ya nani awe wa kwanza na nani wa pili.

Sisi Watanzania tulikuwa na mtu wetu katika orodha hizo. Juni 25, 2009, jijini New York, Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa akichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Ana urefu wa sentimita 221. Mpira wa kikapu alikuwa ameanza kuucheza akiwa tayari kijana mkubwa, na chuoni alikuwa ukuta wa kuzuia mipira. Nani angemwacha mtu wa kimo kile? Aliyechaguliwa wa saba usiku huohuo, baada ya timu kadhaa kumpita, alikuwa kijana mwembamba ambaye kwa vipimo vya mchezo ule alikuwa mfupi. Jina lake Stephen Curry. Amekuja kutwaa ubingwa wa NBA mara nne. Thabeet, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, alipelekwa kwa muda kwenye ligi ya chini kupata uzoefu. Akahama timu kadhaa, na kufikia 2014 alikuwa nje ya NBA.

Nimesikia watu wakimcheka. Hilo linaniudhi. Thabeet hakujichagua mwenyewe nafasi ya pili. Walimchagua watu wazima waliolipwa vizuri kwa kazi hiyo, wenye vipimo vyote mezani, na walipokosea, aliyebeba aibu ni kijana. Wao walirudi mwaka uliofuata kuchagua wengine.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16, kuna habari tunayoisoma Dominika ya Nne ya Kwaresima, Mwaka A. Mungu anamtuma nabii Samweli Bethlehemu, nyumbani kwa Yese, akampake mafuta mmoja wa watoto wake awe mfalme. Anaingia Eliabu, mzaliwa wa kwanza, mrefu, mwenye umbo. Samweli anajiambia moyoni kwamba ndiye. Mungu anamwonya asitazame sura wala kimo. Ukumbuke kwamba Samweli huyuhuyu ndiye aliyempaka mafuta Sauli, mtu aliyewazidi Waisraeli wote kwa kimo, na sasa yuko kwenye matanga ya kosa hilo. Bado macho yake yanakwenda kwa mrefu. Nabii mzima!

Mahubiri mengi huishia hapo: Mungu hutazama moyo. Ni kweli. Lakini Maandiko hayasemi kwamba Daudi alikuwa na sura mbaya. Yanasema alikuwa mzuri, mwenye macho ya kupendeza. Mimi kinachonishika ni jambo jingine. Watoto saba wamepita, na Yese anaona kazi imekwisha. Samweli ndiye anayeuliza kama hakuna mwingine. Yupo mdogo, baba anajibu, anachunga kondoo. Jina lake hakulitaja. Ndipo mzee yule anasema aitwe, na kwamba hawataketi mpaka afike. Hebu fikiri ni muda gani hadi mtu aende machungani na kurudi na kijana, na nabii wa taifa amesimama, chakula kinapoa, wazee wa mji wanatazamana. Samweli alikosea kwa macho, lakini alikubali kusimama akimngoja mtoto ambaye babaye mwenyewe hakuona sababu ya kumwita.

Sasa nikueleze yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikihudumu katika parokia moja ya ukanda wa dhahabu. Katika shule ya kata palikuwa na kijana wa kidato cha pili, winga, ambaye ukimpa mpira watu waliokaa walisimama. Siku moja baada ya mechi nilimpiga bega mbele ya wenzake nikamwambia, "Mwanangu, wewe utafika mbali." Nikaenda zangu kwenye kigango, nilikuwa na Misa ya jioni.

Wiki chache baadaye baba yake alikuja ofisini, yeye na kijana, pamoja na bwana mmoja kutoka mjini aliyejitambulisha kuwa wakala. Walikuwa na ombi dogo. Kijana apewe cheti kipya cha ubatizo, chenye mwaka wa kuzaliwa uliosogezwa mbele kwa miaka mitatu. Unajua kwamba cheti cha ubatizo ni mojawapo ya nyaraka zinazoweza kutumika kuombea cheti cha kuzaliwa. Timu za vijana zinataka wadogo, na mdogo ana thamani zaidi sokoni. "Baba Paroko," yule bwana akasema kwa upole, "ni kalamu tu. Wote wanafanya hivyo."

Wote hawafanyi hivyo, na wanaofanya hulipisha taifa zima. Serengeti Boys wetu walishafuzu fainali za vijana wa Afrika za mwaka 2005, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Miaka kumi na miwili baadaye tulikwenda fainali za Gabon kwa sababu Congo-Brazzaville walishindwa kumpeleka mchezaji wao kwenye kipimo cha mifupa ya mkono. Kwa hiyo upanga huu tumeuonja pande zote mbili. Nikawafungulia daftari la ubatizo. Kanuni ya 877 ya Sheria ya Kanisa inamtaka paroko aandike jina la mbatizwa, wazazi, wasimamizi, mahali na siku ya ubatizo, na mahali na siku aliyozaliwa. Mstari wa kijana ulikuwa pale, kwa mwandiko wa padri aliyenitangulia, ambaye sasa ni marehemu. Nikawaambia sitaugusa. Wakashukuru kwa adabu, wakaondoka.

Nilikunywa chai siku ile nikijiona mtu safi.

Nilichokigundua baadaye, na kimenisumbua tangu hapo, ni kwamba tulikuwa wanaume watatu tukimjadili kijana kwa nusu saa, naye ameketi kwenye benchi karibu na mlango, kofia mapajani, na hakuna aliyemuuliza neno. Wakala alitaka miaka yake. Baba alitaka mkataba. Mimi nilikuwa nalinda daftari langu. Sikumuuliza shule itakuwaje. Sikumwambia baba yake abaki tuzungumze. Nilisema hapana, nikafunga daftari, kama vile kazi ya paroko ni kulinda karatasi.

Karatasi waliipata kwingine, kwa hati ya kiapo. Kijana akapelekwa Dar es Salaam kwenye majaribio. Alikaa miezi, akilala chumba kimoja na vijana wengine wanane, kisha akaambiwa hana mwili. Umeona? Walimpunguzia miaka ili awe mdogo, halafu wakamkataa kwa kuwa ni mdogo. Wakala hakupokea simu tena. Nauli ya kurudi aliitumiwa na shangazi yake.

Nilikutana naye upande wa Nyarugusu, nilipokwenda kwenye mazishi. Huko udongo umechimbwa mpaka pembeni mwa nyumba, na karasha za kusaga mawe hazinyamazi mchana wala usiku. Alikuwa anashuka kwenye maduara, ana vumbi hadi kope. Aliponisalimia "Tumsifu Yesu Kristo" sikumtambua. Akacheka. "Padri, si wewe uliyesema nitafika mbali?"

Hakusema kwa ubaya. Nadhani alikuwa ananikumbusha tu nimjue.

Nilimuuliza kwa nini hakurudi shule. Akasema wenzake walishafika kidato cha nne na yeye angeketi na wadogo zake, na kijiji kizima kilikuwa kimemsindikiza stendi. Pale uwanjani tulikuwa watu mia tunamwambia atafika mbali. Aliporudi hakukuwa na hata mmoja aliyekwenda kwao kumsabahi. Aliona ni rahisi kushuka chini ya ardhi, ambako hakuna anayemwona.

Jambo moja la watu wa kule lilinifikirisha siku ile. Mchimbaji hanunui jiwe kwa kulitazama. Hulivunja, hulisaga kidogo, huliosha kwenye karai, anageuza geuza maji taratibu, ndipo aseme kama lina kitu. Mtu huyohuyo, Jumapili akikaa pembeni mwa uwanja, atamhukumu mtoto wa mwenzake kwa dakika kumi. Nasi mapadri tuna yetu: tunasema "ana wito huyu" kwa sababu mtoto anatumikia altareni vizuri na hana kelele.

Sikushauri uache kukaa chini ya mwarobaini. Mimi sitaacha, na kuna kipa wa shule jirani ninayemfuatilia. Lakini ukishamwambia kijana atafika mbali, jua anakokaa. Mjue mama yake. Na orodha ya waliochaguliwa ikisomwa, ikipita bila jina lake, nenda kwao wiki ile ile, kabla hajapata muda wa kujificha.

Kijana wangu (nimekuwa nikimwita hivyo, ingawa nimechelewa) bado anachimba. Tangu mwishoni mwa 2021 Serikali imewafungulia mlango walioacha shule, lakini miaka yake imepita na hataki kuvaa sare tena. Tukakubaliana ajaribu Mtihani wa Maarifa, ule wa QT, kisha afanye kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baba yake hakuamini. Mama yake aliuza mbuzi mmoja kwa ajili ya vitabu, bila kuombwa.

Mwezi uliopita alikuja parokiani tujaze fomu ya kujiandikisha. Tulikwenda vizuri hadi penye tarehe ya kuzaliwa. Akanyanyua kalamu akanitazama.

"Padri, niandike ipi?"

Nikaenda kabatini kulichukua daftari.