Neno la Mhariri: Dawa Moja, Majina Mengi

Miongoni mwa maswali ambayo watu wa Mukuyuni, na wa Ukambani kote kuanzia Wote hadi Kitui, huyauliza mbele ya dirisha la dawa, liko moja ambalo aghalabu halipati jawabu la haki: je, kidonge cha presha alichopewa mgonjwa mwezi huu, chenye rangi nyingine, jina jingine na bei nafuu, kitafanya kazi ileile iliyofanywa na kile cha mwezi uliopita? Mhudumu, mwenye foleni ndefu mbele yake, hujibu kwamba dawa ni ileile. Mgonjwa huondoka na shaka yake, na shaka hiyo yaweza kumfanya aviache vidonge kabatini, au auze mbuzi ili akanunue kemisti ile aiitayo orijino. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya swali hilo, kwa kuwa kulidharau ni kumdhulumu mgonjwa, na kulijibu kwa pupa ni kumdhulumu mara ya pili.

Kampuni inayovumbua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake kwa muda, ambao kwa mapatano ya biashara ya dunia ni miaka 20. Muda huo ukiisha, au sheria ya nchi ikiruhusu kwa haja ya afya, viwanda vingine hutengeneza dawa yenye kiini kilekile na kipimo kilekile, nayo ndiyo iitwayo jenariki. Bei yake huwa ndogo kwa sababu kiwanda cha pili hakikubeba gharama za uvumbuzi na kina washindani sokoni, wala si kwa sababu kimepunguza dawa ndani ya kidonge. Uhai wa watu wengi wa nchi hii ulisimama juu ya jambo hilo: dawa tatu za virusi vya UKIMWI, zilizokuwa zikimgharimu mgonjwa mmoja zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, kampuni ya Cipla ya India ilijitolea mnamo Februari 2001 kuliuzia shirika la Médecins Sans Frontières kwa dola 350, na mwaka uleule Kenya ikapata Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua mlango wa kuziingiza. Tena sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa bandia ilipoandikwa kwa maneno mapana kiasi cha kuweza kuikumba hata jenariki halali, Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akahukumu kwamba vifungu hivyo, kwa kadiri vinavyowazuia watu kupata dawa muhimu za bei nafuu, vinavunja haki ya uhai, ya utu na ya afya.

Lakini unafuu wa bei si dalili ya ubora, wala hukumu ya mahakama haishushi presha. Usawa wa dawa mbili huthibitishwa kwa kipimo. Watu wenye siha njema, aghalabu dazeni mbili au zaidi, hupewa dawa ya asili wakati mmoja na jenariki wakati mwingine, na damu yao huchukuliwa tena na tena ili ijulikane ni kiasi gani cha dawa kimefika humo, na kwa kasi gani. Uwiano wa mbili hizo, pamoja na nafasi yote ya shaka ya kihesabu inayouzunguka, sharti uwe baina ya asilimia 80 na 125. Wako wanaodhani kwamba mipaka hiyo humruhusu mtengenezaji kuiba humusi ya dawa. Dhana hiyo ni batili, kwa maana dawa iliyopungua kiasi hicho, ukingo wa shaka yake hutoka nje ya mpaka, nayo hukataliwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilipopitia mitihani 2,070 ya namna hii, iliyoletwa kwake kati ya mwaka 1996 na 2007, ilikuta kwamba tofauti ya wastani katika kiasi cha dawa kilichofika damuni ilikuwa kama asilimia 3.5 tu.

Hata hivyo, mwenye insafu hafichi upande wa pili. Kidonge si kiini kitupu. Kimechanganywa na vijazio, gundi na rangi, na vitu hivyo, pamoja na namna ya kukishindilia, huamua kitayeyuka lini tumboni, kama vile mahindi ya gunia moja yanavyotoa muthokoi wa kuiva upesi katika nyumba hii na wa kukawia katika nyumba ile, kwa kadiri yalivyotwangwa. Kwa dawa nyingi tofauti hiyo haina neno, kwa kuwa uko wasaa mpana baina ya kipimo kinachotibu na kile kinachodhuru. Ziko chache ambazo wasaa wao ni mwembamba: fenitoini ya kifafa, digoksini ya moyo, warfarini ya kuzuia damu isigande, na levothairoksini ya tezi ya shingo. Huko Brisbane, Australia, mwaka 1968, wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakitumia fenitoini walianza kupepesuka na kuona kitu kimoja kama viwili, na ikabainika kwamba kijazio cha salfeti ya kalisi kilikuwa kimeondolewa na laktosi kutiwa mahali pake, dawa ikaingia damuni kwa wingi uliopita kiasi. Mwaka 1971 matabibu wa Marekani walionyesha kwamba digoksini za viwanda mbalimbali, zenye kipimo kimoja kilichoandikwa, ziliweza kupishana hadi mara saba katika damu. Na mnamo Oktoba 2012 jenariki moja ya dawa ya sonona, Budeprion XL ya miligramu 300, ilitangazwa huko kuwa hailingani na ya asili, baada ya wagonjwa kulalamika kwa miaka kadhaa.

Wala jina la asili si kinga. Ufaransa, mwaka 2017, mwenye dawa ya tezi iitwayo Levothyrox alibadilisha vijazio vya dawa yake mwenyewe, na maelfu ya wagonjwa wakaleta mashtaka ya uchovu, maumivu na kunyonyoka nywele, ingawa jina lilibaki lilelile.

Yako mambo mengine mawili ambayo lawama yake huangukia jenariki pasipo haki. La kwanza ni ghashi: mwaka 2011 vidonge bandia vilivyobeba jina la Zidolam-N, jenariki halali ya virusi vya UKIMWI, vilipenya hadi mikononi mwa wagonjwa wa Kenya, vikiwa vimegeuka rangi na kufanya ukungu. La pili ni itikadi: katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2008, watu 82 walipewa vidonge visivyo na dawa yoyote; walioambiwa kwamba kimoja huuzwa dola mbili na nusu, asilimia 85 walisema maumivu yao yamepungua, na walioambiwa kwamba bei imeshushwa hadi senti 10, asilimia 61. Wa kundi la pili hawakusema uongo. Mwili ulisikiliza bei.

Kwetu Makueni jambo hili lina uzito wa pekee. Mpango wa MakueniCare, ulioanza mwaka 2016 wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, uliwezesha aila nzima kutibiwa katika hospitali za kaunti kwa mchango wa shilingi 500 kwa mwaka, na ahadi ya namna hiyo haiwezekani ila kwa jenariki. Anayezitukana jenariki zote kwa jumla huubomoa msingi wa matibabu ya maskini. Na anayezisifu zote bila kukagua huutia mchwa msingi uo huo.

Kwa hiyo rai yetu ni bayana. Bodi ya Famasia na Sumu iwatangazie raia, kwa lugha wanayoifahamu, matokeo ya uchunguzi wa dawa zinazouzwa katika masoko yao. Mhudumu amwambie mgonjwa kabla ya kumbadilishia kidonge, aandike katika kitabu chake cha kliniki jina la kiini na la kiwanda. Na kwa dawa zile za wasaa mwembamba, kiwanda kisibadilishwe bila tabibu kujua na kumfuatilia mgonjwa. Naye mgonjwa anayesema kwamba dawa mpya haimfai, asifukuzwe kwa jibu la kwamba dawa ni ileile: Bodi ina fomu ya manjano kwa ajili ya madhara, na ya waridi kwa ajili ya dawa inayoshukiwa ubora wake. Fomu hizo ziwekwe dirishani, zijazwe pale pale, kwa sababu makosa ya Brisbane na ya Budeprion yalijulikana kwa vinywa vya wagonjwa kabla hayajathibitishwa na maabara.